Muziki wa Kale kwa Masikio ya Leo

Wapigaji wa muziki wa Bach wanaotumia ala za kale kwa kawaida hukaza nyuzi zao hadi sauti ya A itetemeke mara 415 kwa sekunde. Wasikilizaji wengi huamini kuwa ndiyo sauti ya karne ya 18. Lakini enzi hizo kila mji ulikuwa na kipimo chake, na vinanda vingi vya makanisa ya Ujerumani vililia juu hata kuliko 440, kipimo cha leo kilichokubaliwa London mwaka 1939. Namba 415 ni makubaliano ya karne ya 20: iko nusu toni chini ya 440, hivyo hapsikodi, kinanda cha nyuzi cha enzi za Bach, ikisogezwa kibodi yake hatua moja, hufaa kwa vipimo vyote viwili.

Mwanahistoria wa muziki Mmarekani, Richard Taruskin (1945–2022), aliliona jambo hilo kwa upana zaidi. Alidai kwamba upigaji unaoitwa wa kihistoria, wenye mapigo thabiti, mwendo wa kasi na sauti nyepesi, una ladha ya zama za Stravinsky, mtunzi wa karne ya 20. Vitabu vya kale hufundisha mapambo na matumizi ya upinde, ila hunyamaza kuhusu mengi. Penye ukimya huo, sisi hujaza tunachokipenda.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi ni wa Joseph Joachim, mpiga fidla aliyezaliwa mwaka 1831, rafiki wa mtunzi Brahms. Mwaka 1903 alirekodi vipande vichache, vikiwemo vya Bach na vya Brahms. Sauti haitetemeshi sana, kidole chake huteleza waziwazi toka nota hadi nota, na mapigo hunyumbulika kama pumzi ya msemaji. Wengi wanaopiga muziki wa Brahms kihistoria leo wamelichukua hilo la kwanza kwa furaha. Mawili yaliyosalia huyagusa kwa woga, ingawa yanasikika kwenye sahani ileile.

Simaanishi kwamba wanatudanganya. Tangu Nikolaus Harnoncourt alipounda kundi lake la ala za kale Vienna mwaka 1953, nyuzi za utumbo na vitabu vya kale vimempa Bach uzungumzaji niupendao mno. Uzuri huo ni wa kwetu, nasi tuukiri kuwa wetu. Hapo ndipo tutakapoweza kumsikiliza Joachim bila kumsahihisha.