Mashine Yafua Lakini Haikaushi: Kikulacho ki Nguoni Mwako

Na Mwandishi Wetu

Mvua za masika zinaposhika Dar es Salaam, kamba ya kuanikia nguo hugeuka pambo. Nguo zilizoanikwa asubuhi huanuliwa mbiombio wingu linapotanda, zikaanikwa tena jua linapochungulia, na jioni zikakutwa zingali mbichi. Kwa familia inayokaa ghorofani, isiyo na ua wala baraza, hakuna budi ila kuzitundika ndani: juu ya viti, juu ya milango, na hata madirishani, zikazuia hewa kupita.

Ndivyo tulivyoishi nyumbani kwangu kwa miaka kadhaa, hadi ukuta wa chumba cha watoto ulipoota ukungu mweusi, na mwanangu wa pili, ambaye ana pumu, akawa halali usiku kwa kukohoa. Daktari wa zahanati hakuuliza mengi. Aliuliza nguo tunazianika wapi.

Mimi na mume wangu tukajinyima, tukanunua mashine iliyotumika, ya ile aina inayofua na kukausha katika pipa lile lile. Muuzaji alituonyesha inavyozunguka, nasi tukaridhika. Kitabu cha maelekezo hakikuwamo. Nguo za kwanza zilitakata vizuri. Kisha tukabonyeza kitufe cha kukaushia, tukangoja muda wa saa 3, tukafungua mlango kwa furaha, tukakuta nguo zina moto, zimekunjamana, zinafuka mvuke, nazo zimelowa. Tulijaribu tena siku ya pili, na ya tatu. Mambo yakawa yale yale.

Fundi wa kwanza hakufungua hata skrubu moja. Alisema hita imeungua, akataja bei iliyokaribia nusu ya fedha tulizonunulia mashine yenyewe. Nilikuwa nimekwisha kujaza fomu ya mkopo katika chama chetu cha akiba kazini, jirani yangu aliponishauri nimwite kwanza mzee mmoja fundi wa siku nyingi.

"Dada," aliniuliza mzee huyo kabla hata ya kuweka chini mkoba wake, "nguo zikitoka humu huwa za baridi au za moto?"

"Za moto, mzee wangu, lakini zimelowa."

"Basi hita ni nzima. Hita iliyokufa haipashi nguo moto." Akainama, akapapasa nyuma ya mashine. "Na hili bomba nani amelifunga?"

Nikamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama sakafu. Yeye, kwa kuhofia mpira wa maji usije ukapasuka na ankara ikapanda, alikuwa akifunga bomba kila mara ufuaji ulipokwisha. Hakuna aliyetuambia kwamba mashine hiyo huhitaji maji hata wakati wa kukausha.

MAJI YA KUKAUSHIA NGUO

Jambo hili humshangaza kila anayelisikia mara ya kwanza, lakini maelezo yake ni mepesi. Nyingi ya mashine za aina hii hazina bomba la kutolea mvuke nje ya nyumba. Feni husukuma hewa ipite kwenye hita, ikaingia ndani ya pipa na kunyonya unyevu wa nguo. Hewa hiyo iliyojaa mvuke hupitishwa kwenye njia ambamo maji baridi hutiririka kidogo kidogo. Mvuke ukikutana na baridi hiyo hugeuka kuwa maji, kama vile kifuniko cha sufuria kinavyotoa matone, na pampu huyatoa nje. Hewa iliyopungukiwa na unyevu hurudi tena kwenye hita, na safari huanza upya.

Bomba likifungwa, mvuke hauna pa kwenda. Huzunguka tu ndani ya pipa, ukitoka katika shati na kurudi katika shati. Hali huwa hiyo hiyo ikiwa maji yanatoka katika tangi la juu ya paa na hayana nguvu, au ikiwa kichujio kidogo kilichopo penye maungio ya mpira kimezibwa na mchanga. Zipo pia mashine za aina mpya zisizotumia maji katika kukausha, na hizo hutambulika kwa maelezo ya kitabu chake.

KABLA YA KUMWITA FUNDI

Mzee yule hakutoza zaidi ya nauli na ada ndogo ya kututazamia. Aliketi nasi akatufundisha utaratibu wa kuchunguza, ambao naueleza hapa kwa faida ya wasomaji.

Kwanza, bomba liwe wazi tangu mwanzo wa kufua hadi mwisho wa kukausha. Likifungwa, lifungwe hapo tu.

Pili, kipimo cha nguo. Mashine iliyoandikwa kilo 8 za kufua, aghalabu huweza kukausha kilo 5 tu. Sababu ni kwamba nguo zinazokauka zinahitaji nafasi ya kupeperuka ili hewa ipenye kati yake. Taulo kubwa moja na suruali moja ya jinzi, zikiwa kavu, zaweza kukaribia kilo moja na nusu. Hivyo anayejaza pipa hadi mlangoni hana budi kutoa sehemu ya nguo kabla ya kuanza kukausha. Hapa ndipo haraka haraka inapokosa baraka: mikupuo miwili midogo humalizika vizuri kuliko mmoja mkubwa unaorudiwa.

Tatu, ukamuaji. Kilo 5 za nguo za pamba zikikamuliwa kwa mizunguko 1,400 kwa dakika, hubaki na maji yapatayo lita mbili na nusu. Zikikamuliwa kwa mizunguko 800, hubaki na lita zipatazo tatu na nusu. Lita hiyo moja ya ziada itabidi iondolewe kwa umeme, nao haupatikani bure. Nguo zikiwa zinachuruzika, tazama kama mpira wa kutolea maji umekunjika, kisha fungua chujio la pampu lililopo chini mbele ya mashine. Chomoa plagi kwanza, acha maji yapoe, na weka chombo cha kuyakinga. Vifungo, sarafu na pini za nywele hupatikana humo. Shuka au blanketi likijiviringisha peke yake nalo huizuia mashine kukamua kwa kasi. Litenganishe na nguo nyingine, kisha uanze upya.

Nne, nyuzi. Kila nguo inayokauka hutoa nyuzinyuzi, na hizo huweza kushikamana katika njia ya hewa hadi ikaziba. Chujio la nyuzi, ikiwa lipo, lisafishwe kila baada ya kukausha. Mashine isiyo na chujio hilo huendeshwa mara kwa mara ikiwa tupu, kwa mkupuo wa kusuuza, ili maji yazichukue. Zikiwa zimeziba ndani kabisa, hiyo ni kazi ya fundi. Usilipuuze jambo hili, maana nyuzi kavu karibu na hita huweza kuwaka moto.

Tano, umeme. Hita iliyotengenezwa kwa volti 230, ikipewa volti 180, hutoa kiasi cha asilimia 60 tu ya joto lake. Mitaa ambayo umeme hupungua jioni, wakati kila nyumba inapika na kupiga pasi, yafaa kukausha mchana. Wala mashine hii isichomekwe katika waya mwembamba wa kurefushia umeme pamoja na jokofu na televisheni.

HITA INAPOKUWA NA KOSA KWELI

Iwapo mashine imekausha kwa dakika 30 na kioo cha mlango kingali baridi, hapo ndipo pa kushuku hita, kinga yake ya joto, au feni. Usifungue mfuniko wa nyuma mwenyewe. Mwite fundi, lakini mwombe aipime hita kwa mita mbele ya macho yako kabla ya kutaja bei. Fundi wa kweli hakasiriki kwa ombi hilo.

Tena tujue kwamba nguo zitokazo katika joto huonekana kama zina unyevu hata zinapokuwa kavu. Zikung'utwe, zitandazwe kwa muda wa robo saa, ndipo zihukumiwe.

Ni vema pia tusiifanye mashine kuwa mbadala wa jua. Hita ya wati 2,000 ikiwaka mfululizo kwa muda wa saa 3 hula uniti 6 za umeme. Nyumbani kwetu, jua likiwapo, nguo hupandishwa kwenye kamba za darini. Mashine hukausha wakati wa mvua tu, na huanza na sare za shule na mashuka ya mtoto mwenye pumu.

Fomu ile ya mkopo sikuipeleka. Ukuta tumeukwangua na kuupaka rangi upya, na madirisha sasa hufunguliwa. Mtoto bado ana dawa yake ya kuvuta karibu na kitanda, lakini yapo majuma anayopitisha bila kuigusa. Kwenye bomba nyuma ya mashine pananing'inia kipande cha karatasi ngumu, kwa mwandiko wa mume wangu mwenyewe: "Lisifungwe hadi nguo zikauke."