Ugonjwa wa mlipuko ukifika shuleni: mwalimu anahitaji nini kutoka kwako?

Ni saa kumi na mbili asubuhi. Mtoto ameamka anakohoa, mwili una joto, lakini anasema anaweza kwenda shule. Wewe una kazi shambani, bibi yake amesafiri, na wiki hii kuna mtihani. Unampa dawa ya homa, joto linashuka, anaondoka. Ikifika saa nne joto limerudi, naye yuko kwenye dawati moja na wenzake wawili.

Akina mama wengi wameshafanya hivyo, wala hawakufanya kwa nia mbaya. Wakati mwingine ni mtoto mwenyewe anayeng'ang'ania, kwa sababu anaogopa kuandikwa mtoro na kuadhibiwa. Katika mwaka wa kawaida mambo hupita. Katika mwaka wenye mlipuko, iwe korona, surua au ugonjwa mwingine unaoambukiza haraka, asubuhi kama hiyo inaweza kuliangusha darasa zima, na mwalimu akawa wa mwisho kujua.

Makala hii ni kwa ajili yako mama, bibi, shangazi au mlezi mwingine yeyote. Inaeleza kazi inayomwangukia mwalimu na mkuu wa shule wakati wa janga, na sehemu ambayo hawawezi kuifanya bila wewe.

Mwaka 2020 ulituonyesha nini?

Machi 16, 2020 Wizara ya Afya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania. Siku iliyofuata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule za awali, msingi na sekondari kwa siku 30. Siku hizo 30 ziliongezeka hadi zikapita 100. Wanafunzi wa kidato cha sita na wa vyuo walirudi Juni 1, na madarasa mengine Juni 29.

Vilikuwepo vipindi vya masomo redioni na kwenye televisheni. Palipokuwa na redio, betri na mtu mzima wa kukaa na mtoto, vilisaidia. Lakini katika tarafa ya Idodi, kama ilivyo kwa majirani zetu wa Pawaga, miezi hiyo ni ya kuwinga ndege na kuvuna mpunga. Mtoto asiye shuleni yuko shambani. Kwa hiyo Juni 29 mwalimu alipokea darasa lenye watoto ambao wengine walisoma kidogo, na wengine hawakushika kalamu kwa miezi mitatu, huku kalenda ya mitihani ikimsubiri.

Kulikuwa na mzigo mwingine ambao hausemwi sana. Takwimu za wagonjwa ziliacha kutangazwa mwishoni mwa Aprili 2020, na muda mrefu ulipita bila namba mpya. Mwalimu mkuu aliyetaka kuwaambia wazazi "tuendelee kunawa, tufungue madirisha" hakuwa na namba ya kuwaonyesha. Alikuwa na neno lake tu. Kwa maoni yetu, shule zilizoendelea vizuri kipindi hicho ni zile ambazo wazazi na walimu walikuwa tayari wanazungumza kabla ya ugonjwa kufika.

Daftari la mahudhurio ni kipimajoto cha shule

Shule nyingi za vijijini hazina muuguzi. Zina mwalimu wa afya, ambaye pia anafundisha vipindi vyake kama wengine. Chombo walichonacho cha kugundua mlipuko mapema ni daftari la mahudhurio linaloitwa kila asubuhi.

Daftari hilo linafanya kazi pale tu mwalimu anapojua kwa nini mtoto hayupo. Watoto watano wakikosekana darasa la tatu bila taarifa, ni watoro watano. Wazazi wao wakituma ujumbe kwamba wote wana homa na vipele, mwalimu mkuu anajua kuna jambo, na siku hiyo hiyo anaweza kuwaarifu wahudumu wa zahanati na mtendaji wa kijiji. Siku mbili tatu za kuwahi zina maana kubwa. Mtu mwenye korona anaweza kuanza kuambukiza kabla hajajisikia kuumwa, na mwenye surua huambukiza siku nne hivi kabla ya vipele kutokea.

Kwa hiyo mtoto akiumwa, mwache nyumbani na umjulishe mwalimu wa darasa. Ujumbe mfupi unatosha: "Habari za asubuhi mwalimu. Mimi ni mama wa Fulani wa darasa la tatu B. Ana homa na kikohozi tangu jana jioni. Bibi yake hapa nyumbani naye anakohoa. Leo tunakwenda zahanati, nitakujulisha." Kama huna salio, mtume mtoto wa jirani na karatasi. Taja dalili, siku zilipoanza, na kama kuna mwingine nyumbani anaumwa. Huhitaji kujua jina la ugonjwa. Hiyo ni kazi ya zahanati.

Mtoto arudi lini? Kwa homa na kikohozi, subiri hadi homa iwe imekoma kwa saa 24 bila kutumia dawa ya kuishusha, na awe anajisikia nafuu. Kwa surua, zihesabu siku nne tangu vipele vilipotokea. Mhudumu wa afya akikupa maelekezo tofauti, fuata yake.

Nenda kituo cha afya mara moja, bila kusubiri kesho, ukiona mtoto anapumua kwa shida au haraka sana, kifua kinabonyea anapovuta pumzi, midomo imekuwa ya bluu, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, au amelegea na kusinzia kupita kawaida.

Jambo moja la kumwomba mwalimu, nalo mliseme wazi kwenye kikao cha wazazi: mtoto aliyekosekana kwa ugonjwa na kutolewa taarifa asiadhibiwe. Adhabu ikibaki, wagonjwa wataendelea kuja darasani.

Maji ya kunawa yanatoka wapi?

Kila tangazo linasema "nawa mikono kwa maji tiririka na sabuni." Hebu tupige hesabu. Chukua shule yenye watoto 400. Kila mmoja anawe mara nne kwa siku: akifika, akitoka chooni, kabla ya kula na kabla ya kwenda nyumbani. Kama kila kunawa kunatumia nusu lita, ni lita 800 kwa siku. Hayo ni madumu 40 ya lita ishirini, bila kuhesabu maji ya kupikia uji na ya kusafishia vyoo.

Mwalimu mkuu asiye na bomba shuleni atayatoa wapi? Mara nyingi jibu ni wanafunzi, na hasa wasichana wakubwa, ambao wanaacha kipindi cha kwanza kwenda kisimani au mtoni. Tunawakinga na ugonjwa kwa kuwanyima somo.

Hapa wazazi wanaweza kufanya kitu ambacho mwalimu hawezi. Kitongoji kimoja kikichukua zamu ya siku moja kwa wiki, mwenye mkokoteni akapakia madumu kumi, mwenye bodaboda akabeba manne, mzigo unagawanyika. Kibuyu chirizi nacho kinapunguza matumizi: dumu dogo lenye tundu, limefungwa kwenye mti, kamba ya kukanyagia kwa mguu. Mtoto anapata maji kidogo kidogo, hagusi koki, na matumizi yanaweza kushuka hata kufikia nusu. Sabuni ya mche ikikatwa vipande na kuning'inizwa kwenye soksi kuukuu haiibiwi wala haiyeyuki matopeni. Mambo haya yapitishwe kwenye kamati ya shule, ili mwalimu mkuu asionekane anachangisha kwa siri.

Hewa haina gharama. Korona na surua husambaa kwa hewa wanayovuta watoto waliobanana chumbani. Madirisha yabaki wazi, na pale kivuli kinaporuhusu, somo lifanyike chini ya mti. Usimkasirikie mwalimu kwa sababu mtoto amerudi na vumbi la Idodi kwenye shati.

Msongamano wenyewe ni suala kubwa kuliko mwalimu. Oktoba 2021 Serikali ilizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3, mkopo kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, ambao ndani yake yalijengwa madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi. Ndiyo yale ambayo wengi bado wanayaita "madarasa ya UVIKO". Yamesaidia. Lakini darasa jipya lenye madirisha yaliyofungwa linaambukiza kama la zamani.

Mwanao anakaa hosteli au geto?

Idodi haihitaji kukumbushwa kuhusu mabweni. Agosti 2009 moto uliteketeza bweni la wasichana la Shule ya Sekondari Idodi na wanafunzi 12 wakafa. Taarifa za wakati ule zilitaja mshumaa. Tunaligusa jambo hili zito kwa sababu moja: hofu ya ugonjwa inaweza kutufanya tusahau hatari nyingine. Wakati wa janga kuna shule hutamani kumfungia mgonjwa chumbani. Mtoto mgonjwa atengwe, ndiyo, lakini mlango usifungwe kwa nje, asikae peke yake usiku bila mtu mzima wa karibu, na asiachiwe mshumaa wala jiko la mkaa.

Muulize matroni au patroni maswali haya kabla mlipuko haujafika: Mgonjwa atalala wapi? Nani atamwangalia usiku? Nitapigiwa simu ya nani? Kisha nawe timiza upande wako. Shuleni kuwe na namba ya simu inayopatikana, na jina la ndugu aliye karibu anayeweza kumchukua mtoto ikiwa wewe uko mbali. Matroni mwenye mgonjwa saa nane usiku na namba ya mzazi isiyopatikana yuko kwenye wakati mgumu sana.

Kwa wanaopanga geto karibu na shule, hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa hakuna matroni. Mwombe mwenye nyumba au jirani awe jicho lako, na mwalimu wa malezi ajue mtoto anaishi wapi.

Mwalimu naye anaumwa

Walimu wengi wanafundisha mbali na kwao. Akiumwa, yuko peke yake kwenye nyumba ya shule. Baadhi wana shinikizo la damu au kisukari, na kwa watu hao, hasa waliozidi miaka 50, korona ilikuwa hatari kuliko ilivyokuwa kwa mtoto. Chanjo ya UVIKO-19 ilipozinduliwa nchini Julai 28, 2021, ilikuwa ya hiari na kwa watu wazima, lakini uvumi ulisema walimu watawachanja watoto darasani. Wapo waliotaka kuwaficha watoto wao nyumbani. Ukisikia jambo kama hilo, mpigie mwalimu mkuu au nenda zahanati kabla ya kulisambaza kwenye kundi la WhatsApp.

Mwalimu akiumwa, mpelekeeni chakula, mweke mlangoni kama ugonjwa unaambukiza, mwulize kama amepata dawa. Watoto wasiachwe wamwite kwa jina la ugonjwa. Na mtu asimshauri mwalimu wala mtoto kujifukiza kwa maji ya moto. Mvuke hauui kirusi, na maji yanayochemka yakimwagika yanaunguza vibaya.

Kumbuka pia kwamba mwalimu mkuu hana mamlaka ya kuamua peke yake kufunga au kufungua shule. Anasubiri maelekezo ya halmashauri na Serikali kama wewe. Kumfokea getini hakubadilishi kitu.

Shule zikifunguliwa tena

Mwambie mwalimu ukweli: mtoto alisoma au hakusoma, alifiwa na nani, amebadilika vipi. Mtoto aliyempoteza babu anaweza kuonekana mtukutu, na mwalimu asiyejua atamwadhibu kwa huzuni yake.

Kama binti yako alipata ujauzito shule zikiwa zimefungwa, usiamue kuwa masomo yameisha. Tangu Novemba 2021, kwa Waraka wa Elimu Na. 2, mwanafunzi aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito anaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi baada ya kujifungua. Mwaka 2020 haikuwa hivyo, na wazazi wengi bado wanaamini mlango umefungwa. Nenda kwa mkuu wa shule mapema, na akisitasita, nenda kwa afisa elimu kata. Panga pia nani atakaa na mchanga saa za masomo, kwa sababu hapo ndipo wengi wanakwama.

Kwa ushauri wa afya au kutoa taarifa ya ugonjwa usioueleweka, piga 199 bure. Kama mtoto amefanyiwa ukatili, shuleni au nyumbani, piga 116, nayo ni bure.