Fahamu: Futura, herufi nene za mlazo zilizovuma kwenye mabango na nguo

Futura ni fonti ya herufi zisizo na vimikia kwenye ncha. Ilichorwa na Mjerumani Paul Renner na kutolewa mwaka 1927 na kiwanda cha herufi cha Bauer, Frankfurt. Sura yake nene ya mlazo ndiyo unayoiona kwenye nembo nyekundu ya nguo za Supreme.

Imechorwaje?

Msingi wake ni duara, pembetatu na mstari mnyoofu. Tazama j ndogo: ni kijiti kilichonyooka chenye nukta juu, hakina mkunjo chini. Hata hivyo, si kazi ya bikari na rula tu. Pale kijiti cha b au d kinapokutana na duara, mstari hupunguzwa unene, la sivyo pangeonekana doa jeusi. Huo ndio ufundi hasa, na kadiri herufi zinavyonenepa ndivyo unavyohitajika zaidi. Mlazo wenyewe ni rahisi: herufi huinamishwa kulia bila kugeuzwa mwandiko wa mkono.

Nani aliipa umaarufu?

Msanii wa Marekani Barbara Kruger, aliyewahi kusanifu kurasa za majarida, aliziweka herufi hizi, nyeupe juu ya ukanda mwekundu, zikikatiza picha za rangi nyeusi na nyeupe. Athari yake iko wazi kwenye nembo ya Supreme, kampuni iliyoanza New York mwaka 1994.

Inafaa wapi?

Bango, jalada, kichwa cha habari. Kwa aya ndefu huchosha macho. Hapo tumia fonti nyembamba iliyosimama wima.