Uwanja wa Shule Uanze na Maji

Katika shule nyingi za msingi za Dodoma, siku huanza na fagio. Kabla ya paredi, kila jani limeshaokotwa na uwanja umebaki mtupu, wenye michirizi ya chelewa. Tumezoea kuuita huo usafi. Lakini udongo unaovuliwa majani kila siku hupigwa na matone ya mvua hadi ukajiziba juu na kuwa mgumu. Maji hayazami tena. Yanatiririka na kuchimba. Ndiyo maana mizizi ya miarobaini iko nje na misingi ya madarasa imeanza kuonekana.

Shule inayotaka uwanja wake ufundishe, naishauri ianze na maji kabla ya bembea na michoro ya ukutani. Mvua ikinyesha, walimu na wanafunzi wasimame barazani waangalie maji yanashuka kutoka bati lipi, yanapita wapi, yanatuama wapi. Kisha wachore ramani. Hapo Jiografia imeshaanza, na Hisabati iko paani: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa linalofunika mita za mraba 72, mvua ikiwa milimita 30, linapokea lita 2,160. Darasa la Tano wakokotoe, halafu wapime kilichoingia kwenye tangi. Pengo kati ya hesabu na tangi litawafikisha wenyewe kwenye gata lililotoboka.

Maji yanayopita uwanjani yakingwe kwa mitaro na matuta yanayofuata kontua, na miti ipandwe kando yake. Chini ya miti majani yaachwe yawe matandazo. Zifagiliwe njia tu.

Kivuli nacho ni kifaa cha kufundishia. Simika fimbo ya mita 1 mahali pa wazi. Yapata saa sita na nusu mchana, mwishoni mwa Mei, kivuli chake Dodoma huangukia kusini, zaidi kidogo ya nusu mita. Mwishoni mwa Novemba huangukia kaskazini, sentimita 27 hivi. Mwanzoni mwa Machi na katika wiki ya pili ya Oktoba karibu hakionekani. Mtoto aliyekipima mwenyewe hatakubali tena kwamba jua la mchana huwa utosini kila siku.

Ua wa minyaa usiwe karibu na wanapokaa watoto, kwani utomvu wake huumiza macho vibaya. Na darasa la chini ya mti lisiwekwe mbali: kipindi ni dakika 40, na mwalimu mwenye wanafunzi wengi hatazimalizia njiani. Miti yenyewe ipandwe Januari shule zinapofunguliwa, mvua ikiwa bado inanyesha, ili ipate kushusha mizizi kabla ya kiangazi. Zamu ya kumwagilia wakati wa likizo ipangwe siku hiyohiyo ya kupanda, pamoja na wazazi wanaoishi jirani.