Somo la Bustani: Mboga Zisizongoja Nyuki

Wasikilizaji wa Mbingu na bonde zima la Kilombero, masika, Machi hadi Mei, mpunga hufurahia maji yaliyotuama. Lakini mizizi ya mboga huoza kwa kukosa hewa. Basi inueni matuta: kimo sentimita 30, upana mita 1, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo. Changanyeni samadi iliyooza.

Mpande nini? Mvua inaponyesha nyuki hawatoki, na maua ya maboga hupukutika bila kuzaa. Mchicha na matembele twala majani, hayangoji nyuki. Kunde na bamia hujichavusha zenyewe. Na boga lisipozaa, msikate tamaa: chumeni majani yake, nyumba isikose mboga.