Akaunti za Watumiaji Katika Seva ya Chama: Kila Mtu na Ufunguo Wake

Ushirika umejengwa juu ya kanuni ambayo kila katibu huifahamu: ashikaye fedha siye aandikaye daftari, na aandikaye daftari siye alikaguaye. Kanuni hiyo haikuwekwa ili kumtuhumu mtu. Iliwekwa ili mwaminifu aweze kuuthibitisha uaminifu wake. Hata hivyo, chama kinapohamishia orodha ya wanachama, uzito wa mazao na malipo ya wakulima katika kompyuta, ni rahisi kanuni hiyo kusahauliwa mlangoni. Mashine hufunguliwa kwa neno moja la siri linalojulikana na ofisi nzima, na pengine limebandikwa ukutani. Siku kilo za mkulima zitakapopungua katika hesabu, hapana atakayeweza kueleza ni mkono wa nani uliozipunguza.

SEVA NA AKAUNTI

Seva ni kompyuta inayohifadhi kumbukumbu na kuzihudumia kompyuta nyingine zilizounganishwa nayo kwa mtandao. Yafanana na chumba cha majalada chenye mlinzi. Mlinzi huyo huuliza maswali mawili: Wewe ni nani? Umeruhusiwa kufanya nini? Swali la kwanza hujibiwa na akaunti ya mtumiaji, ambayo si akaunti ya benki, bali ni jina la mtu lililoandikishwa katika seva pamoja na neno lake la siri. Swali la pili hujibiwa na ruhusa.

Maswali hayo hayatengani. Maneno ya siri yalianza kutumika katika kompyuta ya Chuo cha MIT, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, pale Fernando Corbató na wenzake walipowawezesha watu wengi kuitumia mashine moja kwa wakati mmoja. Mwaka 1962 mtafiti Allan Scherr, aliyehitaji saa nyingi kuliko alizogawiwa, aliiagiza mashine ichapishe jalada lenye maneno ya siri ya watumiaji wote, nayo ikalichapisha. Kufuli ilikuwapo, lakini funguo zote zilikuwa mahali ambapo mtu aliweza kuzifikia.

RUHUSA NI YA KAZI

Kosa la kwanza la msimamizi mgeni ni kumgawia kila mtu ruhusa mojamoja. Baada ya misimu miwili hakumbuki tena nani alipewa nini. Njia iliyo bora ni kuunda vikundi kwa kufuata kazi zilizopo: wapimaji, wahasibu, makatibu, wakaguzi. Ruhusa hupewa kikundi, kisha mtu huingizwa katika kikundi chake. Mpimaji huandika uzito lakini hafikii malipo. Mhasibu huandaa malipo lakini hawezi kuubadili uzito. Mkaguzi husoma yote wala hafuti herufi moja. Karani akihamishiwa kazi nyingine, huondolewa katika kikundi cha awali na kuingizwa katika kipya, na kazi imekwisha. Kila mmoja apewe kiasi kinachotosha kazi yake, pasipo ziada.

SERA ZA SEVA

Sera ni kanuni ambazo seva huzisimamia yenyewe kwa watumiaji wote. Katika seva za Windows, sera ya kawaida ya mtandao huja ikidai neno la siri lisilopungua herufi 7, libadilishwe kila baada ya siku 42, na lisirudie lolote kati ya maneno 24 yaliyotangulia. Si lazima kuziacha kanuni hizo kama zilivyo. Mwaka 2017 taasisi ya taifa ya viwango na teknolojia ya Marekani, NIST, ilishauri watu wasilazimishwe kubadili neno la siri kila kipindi pasipo dalili kwamba limevuja, kwani alazimishwaye huongeza tarakimu moja tu mwishoni. Neno refu, kama vile sentensi fupi anayoikumbuka mwenyewe, lafaa zaidi. Sera nyingine ya manufaa ni ile inayoifunga akaunti kwa muda baada ya majaribio kadhaa yaliyokosewa.

MTU AKIONDOKA

Mfanyakazi anapoacha kazi, akaunti yake izimwe siku ileile anapokabidhi funguo za ghala. Izimwe, isifutwe. Katika Windows kila akaunti ina namba yake ya ndani isiyorudiwa. Ikifutwa, kisha ikaundwa nyingine yenye jina lilelile, hiyo ni akaunti mpya kabisa, na ruhusa za zamani hazirudi. Zaidi ya hayo, mkaguzi anayechunguza kazi za nyuma aweza kukuta namba tupu mahali palipokuwa na jina.

UFUNGUO MKUU

Akaunti ya msimamizi mkuu hufungua kila mlango, kwa hiyo isitumike kwa shughuli za kila siku. Msimamizi naye awe na akaunti ya kawaida kwa barua na hesabu zake. Neno la siri la akaunti kuu liandikwe, litiwe katika bahasha yenye lakiri, na lihifadhiwe katika sanduku la fedha kwa ujuzi wa kamati, ili ugonjwa au msiba wa mtu mmoja usikiache chama nje ya majalada yake.

WAJIBU WA KAMATI

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka kila anayehifadhi taarifa za watu azilinde, na orodha ya wanachama yenye namba zao za simu na za benki imo ndani yake. Yafaa basi kila mwanzo wa msimu kamati isomewe orodha ya akaunti zote, jina kwa jina, na kuuliza: Huyu bado yupo? Kazi yake bado ni hii? Orodha hiyo huchapishwa kwa dakika chache. Mkulima aliyepanga foleni mizanini tangu alfajiri anastahili kujua kwamba kilo zake zimeandikwa na mtu mwenye jina, na kwamba hapana mwingine awezaye kuzigusa gizani.