Mchanga wa Mohoro na Wayahudi wa Marekani

Wiki iliyopita nilipanda basi hapa Kibiti, nikavuka Daraja la Mkapa kwenda Mohoro kumsalimia bibi. Bibi yangu Mohoro huiita "pale Wajerumani waliponyonga watu".

Ni kweli. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, yule wa maji ya dawa, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905 pamoja na msaidizi wake. Watu walikuwa wamechoka kulimishwa pamba kwa viboko na kudaiwa kodi. Mpaka vita vya Maji Maji vinaisha 1907 Wajerumani walishachoma vijiji na maghala, njaa ikaua kuliko risasi. Wanaokadiria kidogo husema 75,000, wengine wanafika 300,000.

Sasa nitajie majina kumi tu ya waliokufa. Hata mimi siwezi. Lakini meli yao Königsberg iliyoishia kwenye delta yetu 1915 inajulikana dunia nzima, na mzinga wake mmoja umetunzwa Fort Jesus, Mombasa. Chuma kinakumbukwa kuliko watu, jamani! Songea angalau wana makumbusho, na ndiko Rais Steinmeier wa Ujerumani alikoomba radhi Novemba 2023.

Wayahudi wanaingiaje? Kule Marekani weusi zaidi ya 4,400 waliuawa na makundi ya wazungu bila kesi kati ya 1877 na 1950, wengi kwa kunyongwa. Shirika la wakili Bryan Stevenson, Equal Justice Initiative, lilifungua eneo la kumbukumbu yao mjini Montgomery, Alabama, mwaka 2018. Ila kazi yenyewe inaanzia mitaani. Watu wa kujitolea wanatafuta mahali mtu alipouawa, wanachota mchanga, wanautia kwenye chupa ya kioo yenye jina lake. Utakuta Wakristo, Waislamu na Wayahudi wa masinagogi wanachota pamoja, wakati mwingine na wajukuu wa marehemu.

Wayahudi wana kidonda chao pia. Leo Frank, Myahudi, alinyongwa na kundi kama hilo Georgia mwaka 1915. Mwaka 1964 kule Mississippi, Ku Klux Klan waliwaua James Chaney, kijana mweusi, na wenzake wawili Wayahudi, Goodman na Schwerner, kwa kosa la kusaidia weusi wapate haki ya kupiga kura. Tena kwa desturi yao, kila mwaka siku aliyofariki mtu wanamwashia taa na kumtaja.

Mohoro jambo hili halitaki mfadhili. Imamu asome dua, mchungaji aombe, na wazee wa mizimu wapewe nafasi (Kinjikitile alikuwa mtu wao, msisahau). Shida ni majina. Wenzetu wanayapata kwenye magazeti ya zamani, sisi yamo vichwani mwa wazee, na wazee wanaondoka. Bibi alitajiwa na baba yake ndugu wawili waliokufa kwa njaa ile. Nimeyaandika kwenye daftari.

Wewe mwenye babu au bibi Mohoro, Utete, Ikwiriri au huko visiwani delta, muulize leo, kisha tuandikie jina hapo chini kwenye maoni.